Miguu inakufa ganzi na kabati limejaa vidonge, niongeze au nipunguze?

Swali: "Habari za kazi daktari. Nina miaka 66, nimestaafu. Nina kisukari, metformini nameza mwaka wa 9 sasa, na omeprazoli ya asidi tumboni mwaka wa 4. Wanangu wananiletea saplimenti, nina multivitamini, vitamini E ya 400, kalsiamu, mafuta ya samaki, kolajeni ya unga na vidonge vya mishipa ya fahamu maana miguu inakufa ganzi na usiku nyayo zinachoma. Naona pia nasahau sahau na nikiinuka kwenye kiti lazima nijishikilie. Najua ni uzee. Sasa binti yangu anataka kuniagizia nyingine inaitwa NMN ya kurudisha ujana wa seli, bei yake si ya mchezo. Niiongeze au nipunguze hizi nilizonazo? Nisije nikawamalizia watoto hela na figo zangu nikaziua."

Shikamoo mama. Nakushukuru umeandika mpaka miaka uliyomeza kila dawa, wengi huwa wananitajia majina ya makopo tu alafu muda wanauacha, na mara nyingi jibu liko kwenye huo muda.

NMN nitaifikia. Kwanza tusimame kwenye maneno matatu uliyoyapitisha katikati ya swali kama hayana uzito: najua ni uzee. Mama, hatujui bado. Mtu wa miaka 66 anayemeza metformini miaka 9 na omeprazoli miaka 4, akiniambia miguu inakufa ganzi, anasahau na miguu imekosa nguvu, mi siandiki uzee kwenye faili lake, naandika vitamini B12 na alama ya kuuliza pembeni. Na inaniuma sana kuona mtu anahangaika na makopo sita na la saba liko njiani, wakati kipimo kimoja cha damu hakijafanyika.

Ngoja nikueleze kwa nini. B12 tunaipata kwenye vitu vya wanyama, nyama, samaki, mayai, maziwa, na humo ndani imeshikana na protini ya chakula. Ili iachie inahitaji asidi ya tumbo, ikishaachia inapokelewa na protini nyingine inayotengenezwa na ukuta wa tumbo lenyewe, hiyo inaisindikiza safari yote mpaka mwisho kabisa wa utumbo mwembamba na huko ndo inafyonzwa kuingia kwenye damu. Ni safari ndefu kuliko ya vitamini nyingi. Sasa angalia yaliyoikuta kwako: umri unachosha ukuta wa tumbo, inakadiriwa kati ya asilimia 10 na 30 ya watu waliopita miaka 50 hawaitoi vizuri B12 kwenye chakula, omeprazoli nayo kazi yake ndo hiyo ya kuzima asidi, alafu metformini inasumbua ufyonzwaji kule mwisho wa safari. Yaani safari imekatwa mwanzoni, na kidogo iliyopenya inakwama mwishoni, hata kama unakula vizuri kabisa.

Na haijionyeshi haraka, hapo ndo watu wengi wanapotea. Ini linaweka akiba, mwili wa mtu mzima una miligramu 2 hadi 5 za B12 wakati mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4 tu, kwa hiyo unaweza kuishi miaka kadhaa unakula akiba bila dalili yoyote, na mtu anasema dawa hii naimeza siku zote haijawahi kunifanya kitu. Miaka 9 inatosha kabisa kuimaliza. Uingereza mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa wanaomeza metformini wakiwa na dalili au vihatarishi vingine, na kumeza dawa ya asidi ni mojawapo ya hivyo vihatarishi. Kwa hiyo ukienda kuomba kipimo usione aibu, huombi kitu cha ajabu.

B12 ikikauka kinachoumia ni kile kifuniko cha mafuta kinachozunguka mishipa ya fahamu, kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Mishipa mirefu kuliko yote ndo ile inayofika kwenye nyayo, ndo maana ganzi inaanzia huko. Baadaye kumbukumbu, baadaye mwendo unayumba hasa gizani. Ikigundulika mapema inarudi, ikikaa sana sehemu nyingine hairudi tena, na hiyo ndo sababu nakwambia usisubiri.

Sasa nisikupotoshe, sisemi ni B12 moja kwa moja. Kisukari chenyewe kinaua mishipa ya miguu kwa namna hiyo hiyo na dalili zinafanana mno, na anaweza kuwa na vyote viwili mtu mmoja. Ila kuna mshukiwa wa tatu ambaye naamini hujamfikiria, na yuko kabatini kwako: hivyo vidonge vya mishipa ya fahamu.

Vingi vya aina hiyo vina B1, B6 na B12 kwa pamoja. Chukua kopo usome mstari wa B6, kwenye lebo nyingine wameandika piridoksini. Mwanamke wa umri wako anahitaji kama miligramu 1.5 kwa siku, na kuna vidonge vina 50, vina 100, vina 200. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ile ile uliyokusudia kuiponya, inaleta ganzi na kuchoma miguuni. Hili si jambo jipya, mwaka 1983 madaktari Marekani walieleza wagonjwa 7 waliokuwa wanameza B6 kwa gramu nzima nzima kwa siku, miguu ikafa ganzi, wengine hawakuweza kutembea vizuri. Hizo zilikuwa dozi kubwa mno, lakini tangu hapo imeonekana hata ndogo zaidi zinaweza kudhuru zikimezwa kwa miaka, Marekani kikomo chao ni miligramu 100 kwa siku na Ulaya mwaka 2023 wamekishusha mpaka 12. Kwa hiyo fikiria mtu ana ganzi, anameza kidonge, ganzi inazidi, anaongeza kidonge. Nimewaona watu wa namna hiyo na wote walikuwa na nia njema kabisa.

Hapo pia inaanguka ile imani kwamba vitamini haidhuru, ikizidi inatoka kwenye mkojo. B6 inayeyuka kwenye maji na inatoka kwenye mkojo ndio, lakini kabla haijatoka imeshapita kwenye mishipa yako. Na A, D na E haziyeyuki kwenye maji, zinakaa kwenye mafuta ya mwili na ini na kurundikana.

Kingine cha kujihadhari nacho ni jinsi ya kupima. Kwa kuwa tayari unameza vidonge vyenye B12 ndani, namba kwenye damu inaweza kuja nzuri na daktari akakurudisha nyumbani, kwa hiyo nenda na makopo yote kwenye mfuko, yaweke mezani. Kama namba itakuja katikati, haijashuka wala haijapanda, kuna kipimo cha pili kinaitwa asidi ya methilimaloniki kinachoonyesha kama seli zinaipata kweli hiyo B12, ingawa figo zikiwa zimechoka nacho kinapanda, kwa hiyo vinasomwa pamoja. Akikwambia damu yako iko safi huna upungufu wa damu, mshukuru lakini mwombe B12 yenyewe, maana multivitamini karibu zote zina foliki asidi na foliki asidi inaweza kurekebisha damu ikapendeza huku mishipa inaendelea kuharibika kimya kimya. Na kolajeni yako angalia kama wameongeza bayotini ya nywele na kucha, nyingi wanaongeza, bayotini nyingi inachanganya baadhi ya vipimo vya maabara, vya tezi ya thairoidi na hata kile cha moyo kinachoitwa troponini, mamlaka ya dawa Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Uliza maabara uache siku ngapi kabla.

Kama itaonekana ni upungufu, tiba yake ni rahisi na ya bei ya chini kuliko karibu kila kitu ulichonunua. B12 ya kidonge haijashikana na protini kwa hiyo haihitaji asidi, na kidonge cha mikrogramu 1,000 kama asilimia 1 yake inapenya yenyewe tu kwenye ukuta wa utumbo hata kama msindikizaji hayupo, hiyo ni mikrogramu 10, inazidi mahitaji ya siku. Ila kwa mtu mwenye dalili za mishipa ya fahamu madaktari wengi wanaanza na sindano na mi nakubaliana nao. Metformini usiiache kwa sababu ya maneno yangu, tafadhali sana, sukari ikipanda tutakuwa tumeharibu zaidi. Omeprazoli muulize daktari kama bado unaihitaji baada ya miaka 4, ila nayo usiikate ghafla mwenyewe, asidi inaweza kurudi kwa nguvu.

Haya, vitamini E. Hii ina historia ambayo ningependa kila mtu anayemeza antioksidanti aijue. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani Denham Harman alisema tunazeeka kwa sababu seli zikitumia oksijeni zinazalisha molekuli kali zinazochoma kila kilicho karibu. Ndani yake kuna ukweli, na watu wakafikiri basi tukimeza kitu cha kuzizima hizo molekuli, ndo hizo antioksidanti, tutazeeka polepole. Ikajaribiwa. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara 29,133 beta-karotini (ile rangi ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini), vitamini E au kidonge kisicho na kitu, majibu yakatoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani utafiti mwingine wa watu zaidi ya 18,000, wavuta sigara na waliofanya kazi kwenye asbesto, ulisimamishwa mwaka 1996 kabla ya muda kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye wanaume zaidi ya 35,000 walijaribiwa na vitamini E ya yuniti 400, namba ile ile iliyoko kwenye kopo lako, na mwaka 2011 ikaonekana walioimeza peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17.

Kwa nini? Kwa sababu zile molekuli mwili unazitumia pia kama ujumbe. Ukifanya mazoezi zinaongezeka kidogo na misuli inasoma huo ujumbe na kujiimarisha. Mwaka 2009 vijana wa kiume walifanyishwa mazoezi wiki 4, nusu yao wakapewa vitamini C miligramu 1,000 na E yuniti 400, na hao waliopewa mwili wao haukupata ile faida ya insulini kufanya kazi vizuri zaidi ambayo wenzao waliipata. Wewe una kisukari mama, faida hiyo unaihitaji kuliko hao vijana. Vitamini E nakushauri uiache, na hasa kama kuna siku unameza aspirini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi, maana E nyingi inaongeza hatari ya kutoka damu.

NMN sasa. Ndani ya seli kuna kitu kinaitwa NAD kinachosaidia kugeuza chakula kuwa nguvu, kwenye viungo vingi kinapungua na umri, na NMN ni malighafi yake. Kwa panya matokeo yanavutia. Kwa binadamu majaribio ni madogo na mafupi, NAD kwenye damu inapanda kweli, lakini kupanda kwa namba ni jambo moja na mtu kuinuka kwenye kiti bila kujishika ni jambo lingine, na hilo la pili hakuna aliyelionyesha kwa uhakika. Mwambie binti yako nimesema moyo wake ni mzuri, ila hiyo hela ilipie vipimo na kitakachobaki kiwe mayai na samaki.

Figo ulizoziogopa, kopo la kuliangalia ni kalsiamu. Mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 1,200 kwa siku lakini hiyo ni jumla, pamoja na ya kwenye chakula, watu wanameza 1,000 juu ya maziwa na mboga na samaki na wanapitiliza. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake 36,282 waliopewa kalsiamu na vitamini D, mawe kwenye figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Hesabu kwanza unachokula, jazia kilichopungua tu, na usizidishe 500 kwa mkupuo mmoja maana zaidi ya hapo mwili haufyonzi vizuri. Kama yako ni kalsiamu kaboneti inahitaji asidi, ambayo wewe umeizima, kwa hiyo muulize mfamasia akubadilishie ya sitreti. Mwambie daktari apime na figo, ni kipimo cha kawaida kwa mwenye kisukari na metformini yenyewe inategemea figo.

Vitamini D ni moja ya chache ambazo umri unazidai kweli, ngozi ya mzee inaitengeneza kidogo kwa jua lile lile. Yuniti 600 kwa siku mpaka miaka 70 na 800 baada ya hapo, ila yuniti 2,000 kwa watu wasio na upungufu hazikupunguza kuvunjika mifupa wala saratani wala magonjwa ya moyo kwenye jaribio la watu 25,871 Marekani. Mafuta ya samaki yalijaribiwa humo humo, gramu 1 kwa siku, hayakuzuia saratani wala matatizo makubwa ya moyo kwa ujumla, ukila samaki mara mbili kwa wiki huyahitaji. Multivitamini ibaki kama unapenda. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha msaada mdogo wa kumbukumbu kwa wazee, mdogo kweli, na kwa upande wa kurefusha maisha, watu 390,124 walifuatiliwa zaidi ya miaka 20 na ripoti ya mwaka 2024 haikuona waliokuwa wanaimeza kila siku wakiishi zaidi. Kolajeni ni protini, tumbo linaikatakata kama protini nyingine, na tena imekosa triptofani, moja ya vipande vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo usiihesabu kama mlo.

Nimeacha kiti mwisho kwa sababu ndicho kinachonigusa zaidi. Kushindwa kuinuka bila kujishika kunatangulia kuanguka. Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 100 waliokuwa wanaishi kwenye kituo cha wazee, wastani wa miaka 87, wakawagawa, wengine mazoezi ya kunyanyua uzito, wengine kinywaji cha saplimenti, wengine vyote, wengine hakuna, wiki 10. Mwaka 1994 walitoa majibu: waliofanya mazoezi nguvu ya misuli ilizidi mara mbili, iliongezeka kwa asilimia 113, na saplimenti bila mazoezi haikuongeza kitu. Miaka 87 mama, wewe una 66.

Kwa hiyo anza leo, kiti kigumu kimeegemea ukuta, inuka na kukaa mara 5, jishike kama lazima, mara mbili kwa siku, wiki ijayo 8, ukiweza bila mikono ongeza tena. Na protini, wazee wanahitaji zaidi ya vijana kwa sababu misuli inakuwa mizito kuitikia, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ukiwa na kilo 65 ni kama gramu 65 hadi 78, igawe milo yote mitatu badala ya kuirundika usiku. Hapa lakini subiri majibu ya figo, zikiwa zimechoka kiwango hiki atakupangia daktari.

Nenda kliniki wiki hii, sio mwezi ujao. Mpaka siku hiyo weka pembeni vitamini E, na hivyo vidonge vya mishipa ya fahamu kama B6 yake iko juu na umejinunulia mwenyewe. Kama aliviandika daktari mpigie kwanza. Kila usiku mwambie mjukuu au mtoto aangalie nyayo na katikati ya vidole, mguu uliokufa ganzi unaweza kuwa na kidonda siku tatu na wewe huna habari, kidonda chochote ukikiona nenda siku hiyo hiyo. Na usingoje hata dakika kama upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, ganzi imepanda haraka kutoka miguuni kuja juu, au umeshindwa kuzuia haja, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Majibu yakitoka niandikie namba zote, B12, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo, pamoja na kiasi cha B6 kilichoandikwa kwenye hilo kopo na ni vidonge vingapi ulikuwa unameza kwa siku.